Mahindi Yaliyoota Kwenye Pengo

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, asubuhi, mahindi yakiwa yamefika kwenye kifundo cha mguu. Bwana Shamba mpya alisimama katikati ya shamba langu, buti zake bado zina mng'ao wa dukani, akanyoosha kalamu kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mche hata mmoja.

"Mzee, hapa mbegu zilipatwa na nini?"

"Panya," nikamjibu.

Mahali pale amelala mke wangu.

Najua unavyonifikiria. Hata mimi nimejifikiria hivyo, na sijapata wa kunitetea. Lakini kabla hujanihukumu nisikilize kwanza, maana aibu hii ina wenyewe wengi, na walioanza wana vyeo. Mimi niliishia darasa la tatu, sijui kupamba maneno. Nitayasema yalivyokuja.

Sisi hapa ni watu wa malori. Vijana wa leo wanaiona skimu hii ya kilimo ina barabara, ina shule, ina ghala la bati, wanadhani iliota yenyewe kama uyoga. Wakubwa walitangaza kwamba kuna ardhi mpya, anayetaka ajiandikishe. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeoana juzi tu, na kwetu shamba la marehemu baba lilikuwa limegawanywa mpaka ukiinua jembe linashukia kwa ndugu yako. Tukajiandikisha. Tuliahidiwa nyumba ya matofali, maji ya bomba na zahanati. Tuliposhushwa kwenye malori tulikuta mahema, rundo la majembe na Meneja.

Meneja alikuwa na ofisi ya mbao, na ukutani ramani kubwa yenye rangi. Alitukusanya akatuonyesha kwa fimbo: hapa shule, hapa ghala, hapa bwawa, hapa uwanja wa mpira. Mpira wenyewe hatukuwa nao, lakini uwanja ulikuwepo. Kulikuwa na mama mmoja mkunga, mtu mzima kuliko sisi wote, akauliza, "Na makaburi umeyaweka wapi, baba?"

Meneja akacheka. "Mama, mmekuja hapa kuishi au kufa?"

Watu wakacheka, na mke wangu akacheka kuliko wote. Tulipokuwa njiani kurudi hemani akaniambia, "Huyu bwana, shule alisoma lakini hesabu hajui. Watu wote hawa, asife hata mmoja?"

Ndivyo alivyokuwa. Mdomo wake haukuwa na kufuli. Mimi aliniita Jongoo, kwa sababu eti natembea sana ila sifiki. Jirani yetu wa mpakani alikuwa haishi kusema, toka anapoamka mpaka anapolala, mke wangu akampa jina la Redio. Jina likamganda mpaka leo, wajukuu zake wanaitwa wajukuu wa Redio.

Kupanda kwetu kulikuwa kwa kamba. Skimu nzima ilikuwa na kamba moja ndefu ya katani, yenye mafundo ya vitambaa vyekundu. Wanaume wawili wanaishika huku na huku wanaivuta mpaka inalia, wengine wanachimba shimo kwenye kila fundo, wanawake wanafuata nyuma wakidondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Mstari ukitoka kwangu unaingia kwa Redio, unaingia kwa mkunga, unakwenda hivyo hivyo mpaka bwawani, umenyooka kama uzi kwenye cherehani. Meneja alikuwa akipanda juu ya kichuguu kutazama. Akiona mstari umepinda, mnarudia. "Mstari ndiyo maendeleo," alipenda kusema. Hatukumwelewa, ila tulinyoosha.

Mvua za mwaka wa pili mke wangu akapatwa na homa. Binti yetu alikuwa bado ananyonya. Nilikwenda ofisini kuomba lori la kumpeleka hospitali, dereva akaniambia lori limetumwa kuchukua viti, kuna wageni wanakuja kuikagua skimu. Nikamwambia mgonjwa wangu ana hali mbaya. Akasema anaelewa, lakini amri ya viti imetoka juu. Viti vilifika salama. Mke wangu alikata roho kabla vumbi la lori halijatua.

Meneja alikuja msibani, kofia mkononi. Alinipa pole, sitasema hakunipa. Halafu akanivuta pembeni, nyuma ya hema, akaniambia kwamba kwenye mpango hakuna makaburi. Wageni wakiona kaburi watasema skimu inaua watu. Na shamba litakaloonekana na kaburi litarudi mikononi mwa skimu, apewe mwingine. "Si mimi, ndugu yangu," akasema. "Imeamuliwa juu." Maisha yangu yote nimekuwa nikitafuta huko juu ni wapi, nikatukane, sijawahi kupaona.

"Zika," akasema. "Lakini nisione tuta."

Tulimzika shambani. Udongo uliobaki tuliutawanya kwa majembe mpaka pakawa sawa, na Redio ndiye aliyepiga piga kwa mgongo wa jembe, analia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hasemi kitu.

Baada ya siku chache kamba ikafika kwangu, mimi nimeshika mwisho mmoja. Ilipita juu yake moja kwa moja. Wachimbaji walipofika pale waliyaruka mafundo wakaendelea mbele, vichwa chini. Wanawake wakaja. Mkunga alitangulia, mbegu mkononi, akafumba kiganja, akainua nguo kidogo, akapita kwa ncha za vidole kama mtu anayempita mtoto aliyelala. Mbele kidogo akafumbua kiganja, akaendelea kudondosha. Waliomfuata nyuma wakafanya vilevile, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeagizwa. Meneja juu ya kichuguu chake aliona mstari umenyooka, akaridhika.

Mahindi yalipoota, palibaki pengo la urefu wa mtu.

Ndivyo ilivyoanza desturi yetu, na haijaandikwa popote. Redio alipofiwa na mapacha wake, kwake kukawa na pengo dogo. Mkunga mwenyewe alipokwenda, tukamwachia lake. Dereva wa lori naye, aliyeleta viti, ana la kwake karibu na bwawa, na watoto wake hawalipandi. Mgeni akipita anaona mbegu hazikuota vizuri. Sisi tunaona watu wetu. Wakati wa palizi wanawake hulaza magugu pale, kama watu wanaomfunika mtu nguo, na udongo wa pale ukawa mweusi, laini, haujaguswa na jembe karibu miaka arobaini.

Binti yangu alijifunza kutembea kwa kuliruka pengo lile. Sasa ni fundi cherehani kule kwenye maduka, ana watoto wake, lakini kila palizi alikuwa anakuja. Kabla hajashika jembe anasimama pale na kusema, "Hodi, mama." Kisha anampa habari: nani kaolewa, nani kazaa, na kwamba Jongoo bado hajafika. Mimi nilikuwa najifanya nafunga kamba ya kiatu ili nisikilize.

Meneja yule aliondoka, wakaja wengine, siwezi kuwataja wote maana walikuwa wanapita kama abiria. Ile amri ya kaburi na shamba, hakuna aliyetuambia imefutwa, na hakuna aliyetuambia bado ipo. Sisi hatukuuliza. Ukiuliza umeshakiri. Hapo ndipo wakubwa walipotuweza: walituacha tujilinde wenyewe dhidi ya jambo ambalo pengine walishalisahau.

Mwaka huu Mwenyekiti wa skimu akaitisha mkutano. Huyu ni mtoto wa mtunza ghala wa zamani, amekula vumbi letu utotoni, lakini cheo kimempa shingo. Alitangaza kwamba skimu inatimiza miaka arobaini, mgeni rasmi atakuja, na baada ya sherehe zitatolewa hati za mashamba. Atakayeanza kupewa ni mwenye shamba safi. Miaka yote hiyo tumelima ardhi ambayo kesho mtu anaweza kutuambia toka. Neno hati lilipita mkutanoni kama harufu ya mvua.

Basi Jumanne ile Bwana Shamba akaanzia kwangu.

"Panya," akarudia, akatikisa kichwa. "Rudishia mbegu leo leo, mzee. Mgeni rasmi hapendi mapengo." Akatoa mbegu mfukoni mwake, akanimiminia kiganjani. Kijana wa watu hakuwa na ubaya. Akasimama kunisubiri.

Ningeweza kusema. Sentensi ni fupi: hapa yupo mke wangu. Nikaliangalia shamba, nikaona hati, nikaona miaka yangu yote, nikamwona Meneja na kofia yake. Nikainua jembe. Udongo ulipokea jembe bila ubishi, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba palikuwa laini namna ile.

Redio alikuwa mpakani ananitazama. Bwana Shamba alipovuka kwenda kwake, nilimsikia akiulizwa, nikamsikia anajibu.

"Panya, bwana. Panya wa huku ni wabaya."

Siku ile skimu nzima ilivamiwa na panya. Walikula kwa mkunga, walikula mpaka bwawani.

Jioni Redio alikuja akakaa kwenye kizingiti changu. "Unadhani shemeji atatusamehe?"

"Nyamaza."

"Nikinyamaza mimi, si watu watakuja kuuliza kama nimekufa?"

"Nimekwambia nyamaza."

"Haya. Lakini wale wangu walikuwa wadogo, mwenzangu. Nilipiga mashimo mawili tu, yakatosha." Akainuka akaenda zake.

Palizi ilipofika nilimtumia binti yangu salamu kwamba asihangaike, nimeshamaliza. Na magoti haya yanavyolia. Akanijibu kwamba baba umepata nguvu za ujana, hongera. Nikapokea na hongera.

Sherehe ilikuwa mwezi wa sita. Viti vililetwa na lori, safari hii vya plastiki. Kwaya ilivaa sare alizoshona binti yangu, naye alikuja amependeza, kitambaa kipya kichwani. Mgeni rasmi alikata utepe, akahutubiwa, akahutubia. Alituita mashujaa walioingia kwenye pori tupu wakaligeuza ghala la chakula. Tukapiga makofi. Kisha akasema anataka kuona shamba la mmoja wa wale wa mwanzo, na Mwenyekiti, kwa kuwa mimi nipo kando ya barabara, akaniita nitangulie.

Niliwapitisha upande wa mbali. Mwenyekiti akasema hapana, njia ya katikati ndiyo nzuri kwa picha.

Sasa, wewe mkulima unajua kwamba mbegu ya kurudishia huwa inabaki nyuma. Inakuwa na kimo cha mtoto wa mwisho. Ile haikubaki. Ilikuwa imeipita miche mingine yote, majani mapana, kijani cha kukaribia weusi, kila shina limebeba mahindi mawili yaliyonenepa. Mgeni rasmi akasimama pale pale. Akalishika jani moja, akaligeuza kama mtu anayechagua kitambaa.

"Haya ndiyo mahindi. Mzee, wape siri wenzako. Hapa umeweka mbolea gani?"

Mtu akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

Nilimtafuta binti yangu kwa macho. Alikuwa nyuma ya wanakwaya. Alikuwa haniangalii mimi, anaangalia mashina yale, kisha akaangalia mche mmoja wa pembeni, kisha mwingine, kama fundi anayepima bila futi. Halafu akaangalia miguu yangu iliposimama. Wahenga wanasema uso umeumbwa na haya. Wangu ulikuwa unawaka kama umeegemezwa kwenye bati la mchana.

"Samadi, mheshimiwa," nikasema.

Kipaza sauti kikalichukua neno lile kikalipeleka mpaka kwenye mahema ya sherehe. Makofi yakapigwa. Redio naye alipiga, ila alikuwa amegeukia upande wa bwawa. Mimi nikapewa zawadi ya shamba bora, toroli jipya lenye utepe kwenye mpini. Nikapigwa picha nimelishika, nyuma yangu mahindi.

Binti yangu hakuondoka na kwaya. Nilimkuta nyumbani amekaa kwenye kiti cha mama yake, kile cha kamba, ambacho hakuna anayekikalia.

"Baba, ulimwambia nini Bwana Shamba?"

"Mwanangu, hati ndiyo hii inakuja. Wewe na watoto wako..."

"Hati sijaiuliza. Alipokuuliza pale pana nini, ulimwambia nini?"

Nilifikiria kudanganya. Lakini mwongo akishachoka huwa anasema kweli kwa uvivu tu. "Nilimwambia panya."

Hakulia. Alikaa akilainisha nguo yake magotini, analainisha na kulainisha, kama vile ina mkunjo usiokubali pasi.

"Nilikuwa nakuja hapa nasema hodi," akasema. "Sasa nimpigie hodi nani? Mahindi?"

Hapo nikapandisha sauti. Nikamwambia habari ya Meneja, ya viti, ya ramani, ya huko juu wanakoamulia mambo. Nikamwambia wao ndio waliotufikisha hapa, wao ndio wenye aibu hii, mimi ni nani. Aliniacha nikamaliza. Alinisikiliza kwa adabu, na adabu ile ilinikata kuliko kama angenitukana.

"Meneja alishakufa siku nyingi, baba," akasema. "Jumanne jembe lilikuwa mkononi mwa nani?"

Akabeba mkoba wake akaenda. Toroli nililiweka nyuma ya nyumba. Utepe sijautoa, wala sijalibebea kitu. Kuku wanalalia ndani yake.

Na mimi bado nasema ni wao. Nasema hivyo kila siku. Lakini nimegundua nikisema nikiwa peke yangu, sauti haitoki vizuri.

Hati hazijaja. Tumeambiwa ziko njiani. Nadhani zimepakiwa kwenye lori lile lile la viti.

Mwezi wa nane mahindi yakakauka, watu wakavuna. Nilivuna shamba lote, mstari kwa mstari, nilipofika pale mikono ikakataa. Nikayaacha yamesimama, nikakata mabua yaliyoyazunguka, nikasema nitayarudia kesho. Kesho yake sikuyarudia. Asubuhi moja nilipanda juu ya kile kichuguu cha Meneja, kwa mara ya kwanza tangu nifike hapa, nikatazama. Mashamba yote yalikuwa meupe, yamevunwa. Na kwenye kila shamba palikuwa na kichaka kidogo cha mahindi makavu kimesimama peke yake. Kwa Redio kidogo, kwa mkunga kirefu, kule bwawani kwa dereva, na vingine, na vingine, vimeinamisha vichwa. Karibu miaka arobaini tuliwaficha watu wetu ndani ya mahindi. Sasa mtu yeyote anayepita barabarani anaweza kuwahesabu.

Bwana Shamba alikuja. "Mzee, mbona umesahau hapa?" Kabla sijajibu akatazama kwa Redio. Akatazama mbele zaidi. Aligeuka taratibu, akafuata mistari kwa macho mpaka bwawani, kalamu ikiwa juu ya karatasi haiandiki. Akavua kofia, akairudisha kichwani, akavua tena. Akaondoka akipita pembezoni mwa shamba, hakukatisha.

Jumapili iliyopita binti yangu alirudi. Hatukuwa tumeonana tangu sherehe. Alinisalimia, nikaitikia, akapita moja kwa moja shambani na kikapu kitupu mkononi. Nikamfuata kwa mbali. Redio alipoona naye akaja, tukasimama watatu kwenye ukingo wa mashina yale, upepo unayapiga, yanatoa sauti kama karatasi.

"Yameanza kudondoka," binti yangu akasema. Ni kweli, hindi moja lilikuwa limeanguka, punje zimetapakaa kwenye udongo mweusi.

"Kwangu hata kuku nimewafungia," Redio akasema. "Mke wangu anasema tuyavune tuyauze mbali, yaliwe na wasiojua. Nikamwambia, wewe, mimi siwezi kuuza wanangu. Na kuwala siwezi."

"Tungeyachoma moto," nikasema.

"Juu yake?" binti yangu akauliza.

Aliinama akaokota punje moja, akaifuta kwa kidole, akaitazama, kisha akairudisha pale alipoitoa. Kikapu alikiweka chini. Mawingu ya mvua za vuli yalikuwa yanajikusanya upande wa bwawa, na sote watatu tulikuwa tunayaona.

"Sasa, baba," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira tena, jambo lililonitia aibu upya, "tuyavune, tuyazike, au tuyaache yaanguke, mvua ije, yaote tena yenyewe?"